Fungu la Mgeni

Usiku ule wa Alhamisi Abalo hakulala. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba chao cha kambini, simu ya mradi mkononi, akiikodolea macho kama mtu anayelinda sufuria ya maziwa isifurike. Watu wa mradi walikuwa wamesema orodha itatoka kwenye mtandao kabla ya saa sita: orodha ya vituo vya lishe vitakavyoendelea na vitakavyofungwa. Sasa ilikuwa saa tano na nusu, na bando la intaneti lilikuwa likiisha haraka kuliko usiku wenyewe.

Nyuma yake, kitandani, Acayo alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Huyu alikuwa kitinda mimba. Abalo alimzaa akiwa na miaka arobaini na minne, wakati ambapo majirani wa kambi ya polisi walikuwa wamekwisha acha kumwuliza habari za mimba na wameanza kumwuliza habari za wajukuu. Sasa mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na mkono wake ulikuwa mwembamba hata utepe wa kupimia, ule wenye rangi tatu kama taa za barabarani, kila mara ulisimama kwenye njano. Kijani maana yake mtoto mzima. Nyekundu, hospitali. Njano, uji: uji wa soya, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, katika chumba cha bati nyuma ya soko la Bukoto, ambacho ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa muuguzi Rosebella, ambaye akina mama walimwita Musawo. Miezi miwili ya uji ule ilikuwa imeutoa mkono wa Acayo kwenye ukingo wa nyekundu. Zilikuwa milimita nne tu, lakini Abalo alizijua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake.

Mumewe, konstebo Komakech, alikuwa zamu Port Bell, akilinda mabehewa yanayosubiri meli. Alipiga simu mara mbili.

"Imetoka?"

"Bado."

"Basi lala."

"Mbona wewe hulali?"

"Mimi nalipwa kukesha, Mama Acayo."

"Basi kesha. Mimi nakesha bure."

Saa sita kasoro dakika saba ukurasa ulifunguka. Kwanza ilikuja ramani ya Kampala, mtaa kwa mtaa, kila mtaa na rangi yake. Bukoto ilikuwa ya kijani, kijani kibichi kama jani la dodo, ule mchicha wa Kampala ambao Abalo alikuwa ameutolea habari kila Ijumaa kwa miezi kumi na minne. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Alisoma hadi darasa la saba tu, kwa hiyo alisoma polepole, kidole kikitangulia macho: Bukoto, bei za vyakula thabiti. Upatikanaji wa mboga, mzuri. Kituo cha lishe, kitafungwa kuanzia Jumatatu.

Na chini kabisa, kwa herufi za mchwa, palikuwa pameandikwa chanzo cha habari hizo: mkusanyaji wa sokoni, BK-07.

BK-07 alikuwa yeye.

*

Kazi ile aliipata kwa sababu ya mwandiko. Mradi ulikuwa na ofisi Nakasero, na ulitafuta wanawake kumi na wawili katika masoko ya Kampala, waaminifu, wanaojua kuandika tarakimu zikasomeka. Mwalimu wao alikuwa kijana mpole aitwaye Bonny, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata sabuni. Aliwaeleza kwamba kazi yao ilikuwa ya takwimu huria. Akina mama wakatazamana.

"Takwimu huria," Bonny alisema, "ni hesabu ambazo hazifungiwi kabatini. Mtu yeyote duniani anaziona bila kulipa. Mkulima atajua apande nini. Wa lishe atajua watoto wa wapi hawali. Wewe unatuma bei ya fungu la dodo kutoka Bukoto, na mtu wa Brazili anaiona siku hiyohiyo."

"Anataka kununua?" mama mmoja aliuliza.

"Hapana, Mama. Anaiona tu."

Siku ya mafunzo Bonny alikuja Bukoto mwenyewe kuweka kiwango. Sokoni hakuna mizani kwenye mboga. Dodo huuzwa kwa fungu, na fungu ni shilingi elfu moja. Lakini kompyuta za Nakasero hazikujua fungu ni kitu gani, zilijua kilo. Kwa hiyo Bonny alisimama mbele ya meza ya Nabintu, Mkongomani wa Bukavu mwenye mikono mipana na sauti ya kuvusha mto, akanunua fungu moja, akalipima kwenye mzani mdogo aliokuja nao. Nusu kilo kamili. Akaandika, na tangu siku hiyo, kwa kompyuta zote za dunia hii, fungu la dodo la Bukoto likawa nusu kilo.

Abalo alikuwepo. Aliona yote. Aliona hata Nabintu alivyomfungia yule kijana mboga zake, akaongeza konzi moja, akatazama lile shati, akaongeza konzi ya pili. Nyongeza ni mambo ya sokoni. Nani angefikiria kuiandika?

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Kila Ijumaa Abalo alizunguka sokoni na simu ya mradi. Wauzaji walimwita Mama Data, kwanza kwa hofu kwamba ametumwa na watu wa kodi, kisha kwa mzaha. "Mama Data, andika kwamba mgongo unaniuma. Wabrazili wajue." Aliuliza bei, akaandika. Fungu la dodo, elfu moja. Wiki iliyofuata, elfu moja. Mvua ilikatika, elfu moja. Mafuta ya magari yakapanda, elfu moja. Alijivunia unyofu wake. Hakuna Ijumaa hata moja aliyoandika uongo.

*

Ijumaa asubuhi, kabla soko halijachangamka, alimkuta Nabintu akipanga meza. Acayo alikuwa mgongoni, ametulia, akinyonya ncha ya shuka.

"Mama Acayo, uso wako leo iko kama ya mutu wa kufiwa."

"Wanafunga chumba cha uji."

Nabintu aliacha mikono hewani. "Sababu?"

"Wanasema Bukoto tumeshiba. Bei haijapanda."

"Bei ya nani?"

"Ya dodo yako. Elfu moja toka mwaka jana."

Nabintu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Weye, mimi nitapandisha bei aje? Mununuzi anatoka na elfu moja yake mukononi. Nikimwambia elfu na mia tano, anaenda kwa ule wa pembeni. Bei haipande, mama. Ni fungu ndiyo inashuka."

Abalo aliyatazama mafungu mezani. Alikuwa ameyatazama kila Ijumaa kwa miezi kumi na minne, na kila siku nyingine alipopika. Yalipungua kama mtoto anavyokonda: anayekaa naye ndiye wa mwisho kuona. Zamani fungu moja lilijaza sufuria na kuwalisha watu wanne. Sasa alinunua mawili, na bado alichanganya na maji. Yeye mwenyewe alikwisha zoea kununua mawili. Na aliandika bei ya moja.

"Niazime mafungu matano," alisema.

"Ya kupika?"

"Ya kupima."

Mzani pekee uliokuwa karibu ulikuwa wa Rosebella, ule wa kuning'inia darini, wenye kaptura ya turubai ambamo watoto hutumbukizwa miguu ili wapimwe. Rosebella alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na asubuhi ile alikuwa ameshapokea ujumbe wake: afunge Jumamosi mchana, akae na ufunguo mpaka barua ije.

"Unataka kuweka mboga kwenye kaptura ya watoto?"

"Musawo, nisaidie. Mara moja tu."

"Nikiulizwa?"

"Utasema ni mtoto mwenye majani mengi."

Walizitia dodo ndani ya kaptura, zikaning'inia zikichungulia kwenye matundu ya miguu. Acayo alipoona kaptura anayoijua imekaliwa na mwingine, aliangua kilio cha wivu. Akina mama waliokuwa wakisubiri uji walicheka hadi mmoja akapaliwa. Rosebella alisubiri mshale utulie, akasogeza miwani.

"Kilo moja kasoro kidogo."

"Yote matano?"

"Yote matano."

Kicheko kikakoma. Hata asiyejua hesabu sokoni anajua kugawanya. Mafungu matano ya kompyuta za Nakasero yalikuwa kilo mbili na nusu. Mafungu matano ya Bukoto hayakufika kilo.

*

Alipanda boda mpaka Nakasero, mtoto mgongoni na dodo ndani ya kavera, mfuko wa plastiki. Kwenye geti la ofisi alisimama mlinzi mwanamke, kibandiko kifuani kikisema Alal. Alikuwa amebeba kile kijiti kinacholia kikiona chuma.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa Bonny. Mimi ni wa takwimu."

"Uko na miadi?"

"Sina. Lakini takwimu zao ni huria. Walisema mtu yeyote."

"Takwimu sijui. Mimi niko wa geti." Alal alifungua kavera, akachungulia. "Na hii?"

"Ndiyo takwimu."

Alal alipitisha kijiti juu ya mboga. Hakikulia. Akapitisha juu ya Acayo, naye akajaribu kukishika. Mlinzi akalegea. "Andika jina, namba ya simu, saa, na sababu ya kuja."

Abalo aliandika: dodo.

"Dodo haiko sababu, mama. Andika mkutano."

Akaandika mkutano. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika uongo katika kitabu cha mradi ule, na ndiyo mara ya kwanza alipofunguliwa geti.

Bonny alimpokea vizuri mno. Alimletea kiti, akamletea Acayo biskuti, akageuza kompyuta ili mama aone. Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja, mnyoofu, ukienda kutoka kushoto hadi kulia bila kupinda, kama kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa na fundi.

"Hii ndiyo Bukoto, Mama Acayo. Kazi yako. Masoko mengine yanapanda na kushuka, lako limenyooka. Tulionyesha mstari huu kwenye mkutano Entebbe, watu wakapiga makofi. Hata wakulima wa Mukono walishauriwa kwa kutumia huu. Waliambiwa dodo imetosha sokoni, wapande kitu kingine."

"Na walipanda kitu kingine?"

"Wengi."

Abalo alielewa basi kwa nini tangu Pasaka mafungu yalikonda mbio zaidi. Mstari wake ulikuwa umeng'oa dodo shambani. Aliweka kavera juu ya meza, kando ya kompyuta.

"Haya ni mafungu matano. Musawo ameyapima. Hayafiki kilo."

Bonny aliinua fungu moja. Lilikuwa limelala ubavuni kwa joto la njiani. "Mboga hupoteza maji, Mama. Halafu mzani wa watoto si mzani wa mboga. Mimi nakuamini, lakini mfumo hauwezi kuamini. Wewe mwenyewe uliandika elfu moja kila wiki."

"Niliandika bei. Hamkuniuliza fungu."

"Fungu tulikwisha lipima."

"Mwaka jana."

Bonny alifuta jasho lisilokuwepo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto wa rika la Acayo. Picha yake ilikuwa ukutani, mashavu kama maandazi. "Orodha imeshachapishwa. Ikichapishwa haifutwi, ndiyo maana ya uwazi. Ila kama kiwango kina kosa, lazima nione kwa macho yangu. Jumatatu asubuhi nitakuja nipime mwenyewe."

Abalo alirudi akiwa na tumaini moja na hofu moja. Hofu ilikuwa na jina. Jumamosi alikwenda kwa Nabintu, akamshika mikono yote miwili.

"Jumatatu yule kijana wa shati anakuja. Muuzie kama unavyotuuzia sisi. Usimpe nyongeza."

"Mama, mimi niko mujinga?"

"Apa."

"Naapa. Kwa jina la mama yangu."

*

Jumatatu saa mbili kasorobo, akina mama kumi na tisa walikuwa wamekaa mbele ya mlango wa bati, watoto mapajani, vikombe vya plastiki mikononi. Kufuli lilikuwa limefungwa. Rosebella alisimama kando, ufunguo shingoni, mikono nyuma, kama mtu aliyeletwa kusimamia mtihani wa wengine. Acayo aliuona mlango, akauelekezea kidole, akasema neno moja kati ya maneno manne aliyoyajua: "Uji."

Bonny alifika kwa boda, amebeba mzani mpya kwenye boksi lake. Shati lilikuwa jeupe. Abalo alipoliona lile shati alitupa jicho kwenye meza ya Nabintu.

Kijana akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Nabintu. "Mama, habari ya asubuhi. Naomba fungu moja la dodo."

Nabintu alikuwa ameapa, na mdomo wake uliheshimu kiapo. Hakusema neno. Lakini mikono ile ilikuwa na miaka ishirini na miwili sokoni, na haikuwa imeapa chochote. Iliokota fungu. Ikatazama, kama mikono inaweza kutazama, kola iliyonyooka na viatu visivyo na tope. Ikaongeza konzi. Abalo akakohoa. Mikono ikaongeza konzi ya pili, ikabembeleza majani yakae vizuri, ikamkabidhi mgeni wake kwa heshima zote.

Bonny aliliweka kwenye mzani. "Gramu mia nne na themanini." Akashusha pumzi, na ilikuwa wazi kwamba ni pumzi ya kutua mzigo. "Unaona, Mama Acayo? Karibu nusu kilo. Kiwango chetu hakina kosa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema watu. Abalo alimtazama mgeni, akatazama wenyeji kumi na tisa na vikombe vyao vitupu. Hakupiga kelele. Alifungua fundo la kitenge, akatoa noti ya elfu moja iliyokunjwa, akaiweka mezani.

"Nabintu, na mimi niuzie fungu."

Nabintu alichukua noti bila kufikiri, kama anavyofanya kila siku, akamsukumia fungu la kwanza mkono ulipoangukia.

"Na nyongeza?" Abalo akauliza.

"Nyongeza gani? Nyongeza yako ulikula yote mwaka jana, Mama Data! Unataka nifunge duka?"

Meza za jirani ziliangua kicheko. Abalo hakucheka. Alilichukua fungu lake, akaondoa la Bonny juu ya mzani kwa mikono miwili, kama anayemhamisha mtoto aliyelala, akaweka lake. Namba zilicheza, zikatulia.

Mia moja sabini na tano.

Bonny aliinama, akasoma tena. Akayaweka mafungu mawili kando kwa kando juu ya gunia: meza moja, dakika moja, bei moja.

"Mama," alimwambia Nabintu polepole, "kwa nini mimi umenipa hili?"

Nabintu alishika mdomo. Ndipo alipoona kile ambacho mikono yake ilikuwa imefanya. "Si weye ni mugeni? Mugeni akikuja na shati ya pasi, nimupe fungu ya mwenye shida? Kwetu Bukavu hatukufundishwa ile."

"Na mwaka jana? Siku ile ya kwanza?"

"Mwaka jana ulikuwa mugeni zaidi."

Soko zima lilicheka, hata Rosebella. Bonny peke yake alikaa juu ya kreti la nyanya, bila kujali suruali, akitazama mzani. Mtu aliweza kuona hesabu ikimpitia usoni: miezi kumi na minne, mstari mnyoofu, makofi ya Entebbe, mashamba ya Mukono, vyote vimesimama juu ya konzi mbili za adabu ya Nabintu. Akatoa simu, akasogea pembeni, akazungumza na mkubwa wake kwa Kiingereza cha chini chini. Akina mama walimtazama mgongo. Abalo alitazama bega la kulia, maana kwa Komakech bega la kulia ndilo hupanda habari zikiwa mbaya. Lilipanda, likakaa juu kwa muda, likashuka.

Akarudi.

"Madamu anasema ramani haiwezi kubadilika mpaka toleo lijalo. Miezi mitatu. Mpaka hapo Bukoto itabaki kijani." Rosebella akaushika ufunguo shingoni. "Kituo cha lishe pia kimefungwa, kwa sababu kiko kwenye orodha." Acayo akasema tena lile neno lake. Bonny akautazama mlango wa bati. "Lakini kama kuna wasiwasi juu ya kiwango, kanuni zinaruhusu chumba kitumike kwa uhakiki. Mnapima mafungu kila siku kwa mzani huu, nauacha hapa. Na watoto nao wapimwe. Na wakishapimwa... mnaweza kuwapa uji. Kama sehemu ya uhakiki."

"Kwa hiyo si kituo," Rosebella alisema.

"Si kituo."

"Ni uji uleule?"

"Uji ni uleule."

"Na huo uhakiki utaisha lini?"

Bonny alikuna shingo. "Haikuandikwa. Inategemea mtakavyopima."

Abalo alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza shuka. "Tutapima polepole," alisema.

Rosebella alivua ufunguo shingoni. Kufuli lilikuwa na kutu ya siku mbili, likakataa mara ya kwanza, likakataa ya pili. Ya tatu likaachia, na mlango wa bati ukafunguka ukilalamika.